Baba mkwe anasema sisi si akina Smith

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwenyeji wa Usangi, Upare, ila huu ni mwaka wa 21 naishi Boston, Marekani. Hapa ndipo nilipoolewa, na hapa ndipo nilipomzika mume wangu miaka 3 iliyopita. Alikuwa Mmarekani wa asili ya Ireland, jina lake la ukoo Smith. Mungu alitujalia mtoto mmoja wa kike, sasa ana miaka 17. Tulimwita Rose kwa sababu mume wangu alishikilia kwamba kwao hakukosekani Rose katika kila kizazi.

Jambo hili lilianzia msibani. Baba yangu alinipigia simu kutoka Usangi kunipa pole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao wakwe zetu ni ukoo gani hasa? Huyu mjukuu wangu nikiulizwa niseme ni wa akina nani?" Nikamwambia ni akina Smith. Akakaa kimya, halafu akasema, "Hilo si jina la Waingereza? Ulituambia hawa ni Wairishi." Nilikosa la kusema, na kwa kuwa tulikuwa kwenye machozi tukayaacha.

Mwaka jana baba mkwe, ambaye ana miaka 86, alihamia nyumba ya kutunzia wazee. Mimi na Rose tulipokuwa tunafungasha vitu vyake tukakuta kopo la biskuti limejaa karatasi za zamani. Iko hati ya ndoa ya mwaka 1871, ya hapa hapa Boston. Bwana harusi ni baba wa babu yake baba mkwe, anaitwa Smith, amezaliwa Ireland, baba yake Owen, mama yake Rose. Iko barua ya mwaka 1868 kutoka Cavan, Ireland, ambayo kaka yake alimwandikia, na kwenye bahasha jina ni McGowan. Halafu iko stakabadhi ya kiwanja cha kaburi ya mwaka 1894, na pale jina ni Goan. Mtu mmoja, majina matatu.

Tulimpelekea baba mkwe zile karatasi. Akazipapasa, akasema, "Ndiyo, sisi hatukuwa Smith. Tulikuwa kitu kingine." Zaidi ya hapo hakusema, na mimi nikaona haya kumbana mzee.

Baba mdogo wa marehemu anasema yule wa 1871 alimpiga wakala wa mwenye ardhi huko kwao, akatoroka, akabadili jina melini ili asikamatwe. Wifi yangu anasema hapana, ni karani wa uhamiaji wa Ellis Island aliyeshindwa kuliandika jina akampa Smith. Mimi nikamlipa mtu dola 400 atutafutie ukweli. Akatuletea karatasi nzuri yenye picha ya ngao na simba, na mti wa ukoo unaoishia kwa akina Smith wa kaskazini mwa Uingereza. Baba mkwe alipoonyeshwa ile ngao aliisukuma.

Rose sasa anajaza fomu za chuo na pale penye jina la ukoo ameacha wazi. Anasema hawezi kutia sahihi jina ambalo babu wa babu zake aliliokota njiani ili kujificha. Shangazi, je, kuna aibu hapa ambayo nisingefaa kuifukua? Na kama hakuna, tunawatafutaje watu ambao hata jina lao halikai mahali pamoja? Na mtoto aandike jina gani?

Mama Rose, Boston


Marahaba Mama Rose, na pole sana kwa kuondokewa na mwenzio.

Nitaanza na lile linalowakosesha usingizi. Smith, McGowan na Goan ni jina moja. Kwa Kiirishi mhunzi anaitwa gabha, na mac ni mwana. Mac Gabhann maana yake ni Mwana wa Mhunzi. Karani aliyelisikia akaliandika kwa sauti alipata McGowan. Aliyeliacha lile "Mac" mlangoni alipata Gowan, au Goan. Na aliyejua maana yake aliligeuza lote likawa Kiingereza, kwa sababu mhunzi kwa Kiingereza ni smith. Ni kama mtu wa kwetu aitwaye Mhunzi aende nchi ya watu, leo wamwandike kwa sauti, kesho wamwandike kwa maana. Yule bwana harusi wa 1871 hakuokota jina njiani. Alilitia sahihi jina la baba yake, kwa lugha nyingine.

Na ile bahasha inayotaja Cavan ndiyo inayonifanya niseme hivi bila kusitasita. Kwingineko Ireland wengi wa ukoo huo walibaki McGowan. Cavan ndiko walikogeuka Smith kwa wingi. Nimefanya kazi ya uuguzi huko Cavan miaka 9. Wodini tulikuwa na wazee watatu wa jina la Smith wasio na undugu hata kidogo, na majirani waliokuja kuwatazama hawakutaja Smith kabisa. Kila mmoja walimtaja kwa lakabu ya nyumba yao, mmoja kwa jina la babu yake, mwingine kwa rangi ya nywele za wazee wake. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza, na wazee wenyewe wakanifundisha ninayokueleza.

Robert Matheson, aliyekuwa msajili mkuu wa Ireland, alihesabu majina ya watoto waliosajiliwa mwaka 1890, na Smith likaja la 5 kwa wingi nchi nzima, nyuma ya Murphy, Kelly, Sullivan na Walsh. Uingereza isingeweza kuleta akina Smith wote hao. Matheson huyo huyo alilazimika kuwatungia wasajili wake kitabu cha mwongozo, kwa sababu familia ile ile ilikuwa ikija ofisini na jina hili kwenye kizazi na jina lile kwenye kifo. Smith na McGowan wamo humo, kama majina yanayobadilishana.

Baba yako wa Usangi hata hivyo hakukosea kusikia Uingereza ndani ya jina hilo. Mwaka 1465, bunge la Ireland, lililokuwa chini ya mfalme wa Uingereza, lilipitisha sheria kwamba Wairishi wanaoishi katika kaunti za Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue majina ya Kiingereza: jina la mji, au la rangi kama nyeupe, nyeusi na kahawia, au la ufundi kama mhunzi na seremala, au la kazi kama mpishi. Cavan haikuwa ndani ya mipaka hiyo, lakini utawala ulipoenea karne zilizofuata, desturi ilienda nao. Mwenye ardhi alikuwa na daftari la kodi, karani wake hakujua Kiirishi, na mpangaji hakuwa na nguvu ya kubishana naye juu ya herufi. Kisha zikaja shule za serikali mwaka 1831, zikifundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyeingia darasani Mac Gabhann alitoka Smith.

Tafsiri zenyewe mara nyingine zilikuwa za kubahatisha, na jambo hili huniuma. Lipo jina Mac an tSaoir, Mwana wa Fundi. Neno saor lina maana mbili, fundi na pia mtu huru, kwa hiyo ndugu wa damu wakaishia mmoja Carpenter, yaani seremala, na mwingine Freeman, mtu huru. Mac Conraoi halihusiani na mfalme, ila mwisho wake unasikika kama neno la Kiirishi la mfalme, basi wengi wakaandikwa King. Ó Bradáin wakawa Salmon, ambaye ni samaki. Wajukuu wa watu hao wapo Boston hapo, na pengine hawajui kwamba binamu zao wanaitwa kitu kingine kabisa. Nyinyi mna bahati kwamba kopo la biskuti limewahifadhia majina yote matatu pamoja. Wengi hupata moja tu.

Sasa zile hadithi mbili. Ya wifi yako haiwezekani, na ushahidi mnao mezani. Kituo cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, huko New York. Babu yenu alikuwa ameshaoa Boston miaka 21 kabla, kwa jina la Smith. Na hata waliopita Ellis Island kweli, makarani wa pale hawakuwa wakiwapa watu majina. Walifanya kazi na orodha ya abiria iliyoandikwa na kampuni ya meli huko huko walikopandia. Mwambie wifi kwa upole, maana hadithi hiyo imo katika nyumba nyingi sana Marekani na watu huipenda.

Ya kumpiga wakala usiitupe. Miaka ya njaa kuu, kati ya 1845 na 1852, watu kama milioni moja walikufa Ireland na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, na mawakala wa wenye ardhi walibomoa nyumba za waliokosa kodi. Kupigwa kwa wakala kulitokea. Ila jina Smith si ushahidi wa kosa lolote. Mtu anayejificha hakai akiandikiwa barua na kaka yake kwa jina lake la zamani, bahasha ikapita posta mbili na bahari moja. Kama ugomvi ulikuwepo, mtaukuta kwenye magazeti ya kaunti na madaftari ya magereza baada ya kupata kijiji. Kwa hiyo swali lako la aibu nalijibu: hapana mwanangu, sijaona aibu kwenye karatasi hizi. Fukua.

Dola 400 zimenichoma. Huyo mtu alitafuta neno Smith, akachukua akina Smith waliokuwa karibu na mkono wake. Na ile ngao ni biashara ya siku nyingi: ngao za namna hiyo walipewa watu binafsi na wazao wao, haziendi kwa kila mwenye jina. Baba mkwe alijua alichokuwa anakisukuma.

Kazi ianze kwake. Kabla ya kufungua kompyuta, nenda ukakae naye, na Rose awepo. Usimuulize, "Tulikuwa akina nani?" Swali hilo ni zito, ndiyo maana alinyamaza. Muulize vitu vidogo. Bibi yake alikuwa akipika nini Krismasi? Nani walikuja kwenye mazishi ya babu yake, na walitoka mtaa gani? Kanisa lipi? Nani walikuwa wasimamizi wa ubatizo wa baba yake? Kulikuwa na nyumba waliyoiita ya binamu, ijapokuwa hakuna aliyeeleza ubinamu wenyewe? Akitaja neno lolote la ajabu, hata akisema ni upuuzi wa bibi, liandikeni kama lilivyosikika. Mshikeni mkono, mkae, akichoka muondoke, mrudi Jumapili nyingine. Uliona haya kumbana mzee na ulifanya vizuri. Lakini kukaa naye si kumbana, na ana miaka 86.

Baada ya hapo tafuteni mahali, msitafute jina. Huu ndio ushauri wangu mkubwa na nausema kwa nguvu. Mashine za kutafuta kwenye tovuti za ukoo hulinganisha majina yanayofanana kwa sauti. Smith na McGowan hayafanani hata herufi ya kwanza, kwa hiyo mashine itakuapia kwamba ni watu wawili. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vina nyumba tano tu, na ukishajua kitongoji, jina linaweza kucheza linavyotaka: nyumba ni ile ile, baba ni yule yule, mama ni yule yule.

Mahali patapatikana kwanza hapo Boston. Jimbo la Massachusetts limesajili vizazi, ndoa na vifo tangu 1841, na kwenye vifo huandikwa wazazi wa marehemu. Tafuta kifo cha yule bwana harusi, na vya ndugu zake wote waliofia huko, kwa majina yote matatu. Unachowinda ni jina la ukoo la mama yao, Rose, kabla hajaolewa. Hilo halikuandikwa kwenye hati ya ndoa, lakini mmoja wa watoto wake huenda aliandikiwa. Halafu nenda kwenye kitabu cha ndoa cha kanisa lililowafungisha ile 1871. Mashahidi wa ndoa mara nyingi walikuwa watu wa kijiji kimoja na maharusi, na mashahidi hao nao wana karatasi zao.

Kuna hazina nyingine ya Boston ambayo naipenda kuliko zote. Gazeti la Kikatoliki la mji wenu, The Pilot, lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliotafuta ndugu zao waliopoteana nao baada ya kuvuka bahari. Ni zaidi ya matangazo 40,000. Mama anamtafuta mwanawe, mke anamtafuta mume aliyekwenda kujenga reli, na kwa kuwa walitaka wapatikane, walitaja kaunti, parokia, mara nyingine hadi kitongoji, mwaka na bandari. Matangazo hayo yamekusanywa na yanasomeka bure mtandaoni kupitia Chuo cha Boston. Msisome ya McGowan tu. Someni yote ya Cavan. Nimeyasoma mengi usiku baada ya zamu na sijawahi kumaliza ukurasa bila kusimama kidogo.

Mkivuka kwenda Ireland, mtaambiwa kila kitu kiliungua. Si kweli, ingawa hasara ilikuwa kubwa. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jumba la kumbukumbu za serikali Dublin lililipuka na kuteketea, na sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zikaenda karibu zote. Sensa nne zilizofuata zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe. Zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, na zipo bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ireland.

Lakini sikiliza hili, maana linamhusu kaka mtu aliyeandika ile barua. Mwaka 1909 Ireland ilianza kulipa pensheni ya uzee kwa waliofikisha miaka 70. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu usajili wa vizazi wa serikali ulianza 1864. Basi wakaomba watafutwe kwenye sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado hazijaungua. Fomu za maombi hayo zilisalimika. Mzee alijaza jina la baba yake, jina la mama yake na la ukoo wa mama, kitongoji, parokia, na karani akaandika alichokikuta. Kaka huyo, kama mwaka 1868 alikuwa na miaka 29 au zaidi na mwaka 1909 alikuwa bado hai, umri wake ulikuwa unafaa kabisa kuomba. Mtafute humo, Smith na McGowan na Gowan. Akipatikana, mna baba Owen na mama Rose na nyumba yao kwa mpigo mmoja.

Kwa miaka iliyo katikati, iko Tathmini ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inayotaja kila mpangaji wa ardhi, kitongoji kwa kitongoji, na mwenye ardhi wake. Usishangae ukimkuta Smith ukurasa mmoja na McGowan nyumba ya pili. Kisha yako madaftari ya ubatizo ya parokia za Kikatoliki, ambayo Maktaba ya Taifa ya Ireland iliyaweka mtandaoni bure mwaka 2015. Hapa ndipo mtakapokaa muda mrefu. Madaftari hayo yana fadhila moja kubwa: padri alipobatiza mtoto aliandika jina la ukoo wa mama pia, kama alivyozaliwa nalo. Kwa hiyo mkishajua jina la ukoo wa bibi Rose, someni mkimfuata yeye. Mume atakuwa Smith kwa mtoto wa kwanza, McGowan kwa wa tatu, kutegemea padri. Mke hatabadilika. Owen na Rose fulani, Owen na Rose fulani, mwaka baada ya mwaka, na mmoja wa watoto hao ndiye bwana harusi wenu.

Majina ya ubatizo nayo yana mitego yake. Mapadri wengine waliandika Kilatini, na Owen mtamkuta kama Eugenius. Mwanamke aliyebatizwa Bridget Ireland, akifika Boston mara nyingi ni Delia. Honora ni Nora ni Hanna. Lakini Rose ni Rosa, na Rosa ni Rose, na hapo nataka urudi kwenye barua yako mwenyewe. Uliandika, kama jambo dogo, kwamba kwa mume wako hakukosekani Rose katika kila kizazi. Wairishi walikuwa na desturi ya kurithisha majina kama sisi: mtoto wa kiume wa kwanza aitwe babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo wawachukue mabibi. Mama yake bwana harusi wa 1871 ni Rose. Jina la ukoo liligeuzwa na makarani wakalichosha, na wakati huo huo wale watu wakawa wanalipitisha jina la bibi yao mkono kwa mkono, hadi likamfikia binti yako. Mume wako alipolishikilia, pengine hata yeye hakujua anashikilia nini. Mwambie Rose hilo kabla hujamwambia jambo lingine lolote.

Kipimo cha DNA nakitaja kwa ufupi. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ile ile inayopita jina la ukoo, kwa hiyo inaweza kuonyesha kama Smith wa Boston na McGowan wa Cavan ni mbegu moja. Rose hana kromosomu hiyo. Baba mkwe anayo, na baba mdogo pia. Muombeni mmoja wao akiwa na akili yake timamu, mkimweleza kwamba vipimo mara nyingine hufichua ndugu wasiotarajiwa. Akikataa, msirudie kumuomba. Karatasi zinatosha.

Sasa fomu ya chuo. Aandike Smith. Nasema hivi nikijua atatamani kuandika McGowan, na ningekuwa na miaka 17 ningetamani vile vile. Lakini Smith ndilo jina alilozikwa nalo baba yake, ndilo lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na sasa anajua maana yake. Akilibadili atawaongezea wajukuu wake njia panda nyingine. Kama anataka kuwa nalo kwa Kiirishi, ajue pia kwamba si Mac Gabhann, maana mac ni mwana wa kiume. Binti ni Nic Gabhann. Alijifunze, aliandike ndani ya vitabu vyake, amsomee babu yake kwa sauti. Kila G ya jina hilo imepita kwenye kinywa cha watu wake.

Na baba yako, Mama Rose, mpigie leo. Wewe ni mtu wa Upare, huhitaji mimi nikueleze Washana ni nani, ukoo uliofua chuma, ambao watu walipita mbele ya viriba vyao kwa heshima na woga. Mwambie mjukuu wake ni wa wahunzi, wahunzi wa Cavan, kwa baba. Nadhani ataelewa haraka kuliko sisi wote.

Limebaki moja. Uliniambia bahasha imeandikwa McGowan, uliniambia mwaka ni 1868, lakini hukuniambia barua yenyewe inaanzaje. Watu wa wakati ule waliandika jina la mahali juu, kulia, kabla ya tarehe. Kama wino umefifia, ipeleke dirishani asubuhi jua likiwa la upande, au ipige picha kwa simu uongeze giza. Cavan ni nchi ya vilima vidogo vidogo, na mgongo wa kilima kwa Kiirishi ni druim, kwa hiyo majina mengi ya vitongoji vyake huanza na Drum. Mkiona D, kisha r, msikate tamaa hata kama mengine hayasomeki. Nakilini kila herufi mnayoiona, achani nafasi kwa msizoziona, mniandikie tena.

Shangazi